Ukifika Kwenye Taa, Pisha: Bi. Rozalia Nandonde Anakabidhi Funguo

Baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi, tarehe 30 Juni 2008, Bi. Rozalia Nandonde anastaafu na kukabidhi funguo za chumba cha michezo cha Kituo chetu cha Vijana hapa Rahaleo. Funguo ni tatu; mlango ni mmoja. Sababu anaijua mwenyewe, nasi hatujapata kuthubutu kumuuliza.

Alitoka Nanyamba mwaka 1984 kuja kutunza mipira na mbao za bao. Mpira uliorudi bila upepo ulitakiwa kurudi na maelezo. Mwaka 1993 kijana wetu wa zamani, aliyekuwa baharia, alituachia televisheni ndogo, mashine ya gemu na kaseti moja. Ndani yake shujaa mwenye mkia hukimbia, huruka mashimo na kupigana na majambazi. Jina la mchezo liliandikwa kwa herufi ambazo hakuna aliyezisoma, hivyo watoto wakauita mchezo huo Mruka Mashimo.

Benchi lilibeba watoto kumi na wawili. Pedi ya kuchezea ilikuwa moja. Bi. Rozalia akatunga sheria ya maneno mawili: ukifa, pisha. Shujaa alikuwa na roho tatu tu, na zikiisha safari ilianza upya. Benchi likasonga kama foleni ya vitumbua vya moto. Aliyeanguka mapema alisindikizwa ipasavyo: "Shimo la pili tu, kaka? Pisha, ukanywe maji!"

Mwaka 2004 likaja toleo la nne, la kisasa. Roho hazina mwisho, kila baada ya hatua kadhaa kuna taa, na anayeanguka huinukia kwenye taa ya mwisho aliyoiwasha. Sisi watumishi tulifurahi, tukasahau kubadili sheria. Kijana Ivo akashika pedi baada ya adhuhuri. Hadi adhana ya magharibi alikuwa bado ameishika. Kisheria, hakuwa amekufa. Nasra, aliyekuwa wa pili kwenye benchi tangu mchana, alishindwa kuvumilia: "Ivo, wewe hufi, na kucheza hujui!"

Kufikia Ijumaa benchi lilikuwa limevunjika kwa ugomvi. Uongozi ukatoa wiki moja: amani ipatikane, au chumba kifungwe na kuwa stoo ya saruji.

Katika kikao, fundi wetu Selemani alitaka toleo la zamani lirudishwe. Vijana wakaapa kuwa wasingerudi kuanza safari upya kila wanapoteleza. Bi. Rozalia alisimama na pedi mkononi kama mwenge. Alieleza kwamba mchezo unaomrudisha mtoto kuvuka madaraja manane kwa kosa la daraja la tisa haumfundishi ushujaa, unamlia mchana wake. Lakini mchezo ambao kuanguka hakugharimu chochote unaufanya hata mruko mzuri usiwe na thamani. Shujaa, alisema, abaki na miguu yake ileile na mashimo yake yaleyale. Kinachopaswa kuwa kipya ni namna ya kuinuka, na nani anayeinuka.

Sheria mpya ikawa: ukifika kwenye taa, pisha. Anayefuata huanzia pale mwenzake alipoishia; na ukianguka pia unapisha, naye huinukia kwenye taa yako ya mwisho. Ghafla benchi zima likawa linamwombea mchezaji, kwa kuwa taa yake ndiyo mwanzo wa jirani yake. Nasra alionekana akimshangilia Ivo. Chumba hakikufungwa.

Bi. Rozalia aliwaandikia watengenezaji wa gemu hilo kurasa nne za ushauri. Hawakujibu. Hata hivyo, toleo la mwaka 2007 lilikuja na wachezaji wawili wanaopokezana kwenye taa. Ushahidi kwamba barua ilisomwa hatuna. Watoto wa Rahaleo wanao, nasi hatubishani nao.

Bi. Rozalia, asante kwa subira, kwa rula uliyogongea benchi bila kumgusa mtoto, na kwa kutufundisha kupokezana. Tunakuombea afya, mikorosho yenye kuzaa huko Nanyamba, na maisha mema yenye michana mirefu isiyoliwa na mtu.

Usidhani unatuachia pengo. Hukuanguka, umefika kwenye taa, na kwa sheria yako mwenyewe unapisha. Bi. Yolanda, anayepokea funguo zako, ameshakaa tayari kwenye benchi. Ataanzia pale ulipoishia.