Mpango wa Biashara Ulioanzia Kwenye Kilio

Jina la Yesu liinuliwe, ndugu zangu. Mimi ni Mama Solange, binti wa askari, mwalimu wa kwaya hapa kambi ya jeshi, Kamina.

Nilikuwa na hamu moja tu: kufungua kampuni ya kushauri kwaya na wanamuziki. Wenye kusaidia watu kuanzisha kazi mpya wakasema, leta kwanza mpango wa biashara. Ndugu zangu, hapo nilikwama. Niliiga mpango wa kampuni moja ya Kinshasa: studio, matamasha, mastaa. Mastaa wa Kamina, watoke wapi? Bwana mmoja wao aliyeusoma akaniuliza, "Mama, ni nani wa hapa anakuhitaji weye?" Nikarudi nyumbani nikalia, nikamwomba Mungu aniondolee hiyo hamu kama kazi si yangu. Hakuiondoa.

Wiki ileile akafariki askari mmoja aliyetoka Kwango, mbali sana na hapa. Tukaenda kuimba kwenye kilio, pale msibani, kwa Kiswahili na Kiluba, kama kawaida yetu. Mjane akanishika mkono: "Mama, bwana yangu banamulilia mu luga ya bengine." Yalinichoma yale maneno, kwamba mumewe analiliwa kwa lugha ya wengine. Mama yangu mzazi, aliyemfuata baba kutoka Ubangi, tulimzika hapa vilevile. Hakuna aliyejua kumwimbia kwa Kingbandi, lugha ya kwao.

Nikaketi na yule mjane. Akaniimbia wimbo wa Kiyaka wa kwao, mstari kwa mstari. Nikaugawa sauti nne, kwaya ikaushika kabla ya mazishi. Tulipouimba, alilia vizuri, akalia mpaka akatulia.

Hapo Bwana Mungu alinifungua macho. Nilipoandika tena mpango, wateja niliwajua kwa sura: familia za kambi hii zilizo mbali na kwao, na kwaya zote zinazoitwa kwenye vilio na ndoa zao. Mpango ukakubaliwa. Kampuni imeanza, Mungu ashukuriwe sana.

Wewe uliyechoka kuomba, mtegemee Yeye tu, anasikia. Lakini sitawadanganya, hamu moja ingali humu moyoni. Ule wimbo mama aliokuwa akiuimba akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, sauti yake naikumbuka, maneno yamenipotea. Ndugu zangu, kama kati yenu yuko anayejua Kingbandi, ibada ikiisha asiondoke. Aje aniimbie nyimbo zozote anazozijua. Wa mama nitautambua.