Mama Nyaraka na Darasa Alilonyang'anywa

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Nyaraka, alizaliwa tarehe 9 Mei 1953, wa kwanza kati ya watoto watatu wa seremala na mkewe. Mimi ninayewasomea wasifu wake ni kitindamimba wao.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1961 hadi 1967. Mama yetu alipougua, dada aliacha sekondari akiwa mwaka wa pili ili atulee sisi wadogo zake.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akawa msimamizi, akastaafu 2013. Shuka lenye doa halikupita mlangoni mwake. Huko ndiko alikokutana na shemeji yetu, fundi bomba. Siku ya kwanza alimwambia, "Fundi, hapa umeziba tu, hujatengeneza. Kesho utarudi." Alirudi. Shemeji husema alirudi mara tatu zaidi, na bomba lilikuwa zima. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977, wakajaliwa mabinti wawili.

Kwa miaka ishirini na miwili aliongoza darasa la Jumamosi la nyaraka za mitume. Alipenda jinsi waandishi wale walivyowakemea watu bila kupepesa macho, kisha wakamalizia kwa kuwasalimu mmoja mmoja. "Wangekuwa hawawapendi," alisema, "wasingepoteza wino." Naye aliandika hivyohivyo. Wengi hapa mna barua yake nyumbani, na ni wachache mlioifurahia siku mliyoipokea.

Yangu niliipata Februari 2015. Ilisema: "Mdogo wangu, una mwanamke mwingine, na mkeo unamfanya mjinga. Acha. Usiponifungulia mlango, nitagonga tena. Msalimie wifi, wasalimie watoto, na wewe mwenyewe nakusalimu sana."

Niliichana. Kisha nikawaendea wazee wa kanisa, nikawaambia kwamba dada anatangaza siri za watu darasani. Alivuliwa darasa mwezi huohuo. Tangu hapo aliketi benchi la nyuma, na baadhi yenu mliacha kumsalimia. Wiki hii ndipo shemeji aliponieleza kwa nini dada alinyamaza. Alimwambia, "Nikijitetea, itabidi nitaje ya nyumbani kwa mdogo wangu."

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Tarehe 3 Juni nilikwenda wodini kumwomba msamaha. Nilipoketi, nikaishia kumuuliza kama amekula.

"Nimekula," alijibu. "Ulilokuja kusema, mimi nalijua. Kawaambie wale uliowaambia." Akanishika mkono, akauliza wifi anaendeleaje.

Aliaga dunia tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi.

Wazee wangu, ndugu zangu, niliwadanganya. Dada hakutoa siri ya mtu hata siku moja. Mke wangu nilimweleza yote juzi, naye ndiye aliyesema nisome mbele yenu bila kuruka mstari. Nimechelewa miaka tisa, na masikio yaliyostahili kusikia haya hayasikii tena.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, mdogo wake wa kike, na mimi.

Bwana ampumzishe kwa amani, ile niliyomnyima.