Mubangi Juu ya Mbegu za Managu

Ndugu zangu wa kikundi, msinipigie makofi bado. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu. Ploti yangu ya Kinoo niliinunua kwa kukata nyasi za matajiri kule Lavington. Kwa hivyo nitaongea vile najua.

Tulipomzika mama watoto, sikulia. Hata nyinyi mlioniletea chai, nilikuwa nawaangalia tu kama watu wa kwenye televisheni. Nilikula, lakini chakula kilikuwa kama karatasi. Shamba lake dogo nyuma ya nyumba likajaa mubangi, lile gugu la harufu kali, mpaka kiunoni.

Aliniachia kibuyu cha mbegu za managu, ile mboga yetu ya kienyeji, mbegu za mama yake. Za dukani alizikataa. Mvua ilipokaribia nikasema, wacha nipande, angalau hizi zisife. Nikafyeka mubangi, nikapanda, nikatandaza majani yake juu ya kitalu. Nawaambia, nilijiona nina akili! Mubangi si tunauweka kwenye viota vya kuku, viroboto wanatoroka? Nikajua utalinda miche.

Zikaota chache, za manjano, zikadumaa. Nikapanda tena, nikaongeza mubangi. Hakuna kitu. Kibuyuni zikabaki za kiganja kimoja, na nikazitazama bila kusikia uchungu wowote. Hapo ndipo niliogopa.

Mama mmoja wa kikundi hiki, aliyezika mume wake kabla yangu, akaja kunijulia hali. Akaangalia kitalu, akacheka.

"Mzee, nani amelaza wagonjwa hapa?"

"Udongo umechoka."

"Udongo hauna shida. Huu mubangi wako una dawa kali. Maji yakipita kwa majani, dawa inashuka mpaka kwa mizizi ya mche. Inafukuza viroboto, inafukuza na managu."

"Nimelima kabla hujazaliwa."

"Basi weka macho, Mzee, pumzisha mdomo."

Akajaza beseni mbili udongo wa kando ya lango, akapanda mbegu chache kila moja. Moja akaifunika kwa mubangi, nyingine kwa nyasi kavu. Ya nyasi ikaota kijani. Ya mubangi ikakwama kama kitalu changu. Nikaenda kuchukua jembe.

Niliung'oa mubangi na mizizi, nikaubeba mbali. Mvua ikaosha udongo, ndipo nikapanda zilizobaki. Zikashika.

Siku ya kuchuma nilipika mwenyewe. Marehemu alikuwa anayaloweka kwa maziwa kupunguza uchungu, mimi sikujua. Nikaonja. Chungu! Ndugu zangu, tangu mazishi, hicho ndicho kitu cha kwanza ulimi wangu kukisikia. Nilikaa jikoni, nikamaliza sufuria.

Mama yule, asante. Jina sitaji, ataringa. Na nyinyi mliorudi na chai hata nilipowafungia mlango, asanteni. Ninachowaambia ni hiki: gugu likishang'olewa, lipeleke mbali. Usilitandaze juu ya kitu kichanga ukisema unakilinda.

Kibuyu kimejaa tena. Miche iko hapo mlangoni, kwa pakiti za maziwa. Chukueni.

Kulia, bado sijalia. Lakini leo jioni napika tena, na siloweki.