Nobert Andayi na Ua wa Mama Yake

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, jamaa mliotoka Bunyore mkalala njiani, majirani wa Bwera, nanyi mliopanda boda kutoka Kinyamaseke na jua lote hili, Bwana asifiwe. Mimi ni Ronah, mtoto wa kwanza wa marehemu, ninafundisha pale Kinyamaseke, na ndugu zangu wamenipa kazi ya kusoma maisha ya baba kwa sababu, wanasema, mimi silii ovyo. Haya, tutaona.

Baba yetu, Nobert Andayi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1948 katika kijiji cha Ebukolo, karibu na soko la Luanda, Bunyore, magharibi mwa Kenya, akiwa mtoto wa marehemu mzee Amwayi na marehemu mama Rosebela, na nyuma yake akafuata shangazi yetu Respa, ambaye mnamwona pale mbele amejifunga kitambaa cheupe. Alianza shule mwaka 1957 akasoma mpaka darasa la nane mwaka 1964, hodari wa hesabu, mbovu wa kuimba, jambo ambalo kwaya ya kanisa hili mnalijua vizuri kuliko mimi, kisha baba yake akafariki na masomo yakaishia hapo.

Januari 1968 alipanda treni akavuka kuja nchi hii, mpaka Kasese, akaajiriwa katika mgodi wa shaba wa Kilembe, kazi yake ikiwa kukata na kusimamisha magogo ya kushikilia dari kule chini, na siku anaondoka alimwambia mama yake kwamba anakwenda miaka miwili tu. Miaka miwili ya baba, jamani! Hata hivyo aliandika nyumbani kila mwezi, alituma blanketi, alituma sukari, na kila Krismasi alisema mwaka ujao narudi.

Tarehe 12 Aprili 1975, kanisani Kasese, alifunga ndoa na mama yetu Ketura, binti wa hapa hapa Bwera, na Mungu akawajalia watoto, mimi Ronah mwaka 1976, Elly mwaka 1978, Shallon Januari 1983, na Sam mwaka 1987, ambaye alitutangulia akiwa bado mdogo na amelala hapo nyuma ya nyumba.

Vita vya mwaka 1979 vilipofika upande huu, baba alitubeba kutoka Kilembe akatupandisha milimani kwa wajomba zetu, na kulipotulia kidogo akashuka Katwe kukata chumvi ili tule, wala kwa miaka ile hakukuwa na posta ya kupeleka neno Kenya. Huko kwao akafika mtu mmoja aliyekimbia Kasese, akasema amemwona kwa macho yake Nobert amekufa. Hakuwa mwongo, alimwona mtu mwingine na akaamini hivyo, na nyumba nzima ikaangua kilio. Sasa desturi ya kwao ni kwamba mwili ukikosekana, hukatwa shina la mgomba likazikwa badala ya mtu, ili asiendelee kutangatanga huko alikofia, na kwa hiyo Desemba 1979 shangazi Respa aliliosha shina kama anavyooshwa maiti, akalivika shati la shule la baba, baba yao mdogo akaongoza mazishi, na msalaba wenye jina la Nobert Andayi ukasimamishwa karibu na kaburi la babu.

Aprili 1983 baba akafika nyumbani kwao, mzima, na mama yetu, na sisi watoto, na blanketi lingine jipya begani. Bibi Rosebela alipiga yowe, akakimbia mpaka langoni, halafu akasimama, kwa sababu mtu aliyekwisha kuliliwa na kuzikwa haingii tu kama mgeni, ni lazima achinjwe kondoo, na yule yule aliyemzika ndiye amshike mkono amwingize, na baba yao mdogo alikuwa amefariki tangu mwaka 1981. Wazee walikaa, wakabishana nani ashike nafasi yake, kila mmoja akiogopa kwamba kifo kikinyang'anywa huyu kitamdai yeye, na hapo mama yetu uvumilivu ukamwisha, akamwinua Shallon juu, mtoto wa miezi mitatu, akawauliza kwa Kiswahili chake cha mpakani, "Munasema huyu mutu alikufa, sasa huyu mutoto baba yake iko nani?" Wazee walicheka mpaka wakafuta machozi, lakini lango likabaki vile vile.

Wiki ile yote baba alilala kwa jirani, na mchana alikaa nje ya ua wa michongoma, na bibi yetu alikuwa anampitishia ugali na mboga ya mrenda juu ya ua, kisha anakaa upande wake wa ndani, wanaongea mpaka jioni. Ua wenyewe ulimfika kiunoni. Baba angeweza kuuruka, alikuwa Mkristo aliyeokoka na hakuogopa mizimu, lakini mama yake alimsihi asiingie, maana akiingia hivyo kifo kingeingia naye, na yeye alikwisha kulia mara moja na hakutaka kumlilia mtoto mwingine, na baba hakuwa mtu wa kumshinda mama yake. Niseme wazi, mimi niliwakasirikia wazee wale miaka mingi, na sijui kama nimemaliza.

Kwa kuwa mgodi ulikuwa umefungwa, tulihamia hapa Bwera, akawa fundi seremala, na benchi mnazokalia kanisani ni za mkono wake, zile zinazoyumba ni za Elly. Kila alipopata nafasi alikwenda Bunyore, sisi tukiingia ndani kula, yeye akibaki barabarani na kofia yake magotini, na hata bibi alipofariki, tarehe 2 Machi 1999, alisimama nje ya ua ule akamwona mama yake akishushwa kaburini kwa mbali, na aliporudi hapa hakugusa msumeno mwezi mzima. Tulimwambia baba, achana nao, kwenu ni hapa. Alijibu kwamba anajua, ila hapa aliingia mwenyewe, na kule anangoja kuitwa.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, akawa mtu wa hospitali na dawa, na mwisho wa mwaka 2024 madaktari wakasema asisafiri tena. Ni wakati huo huo mzee wa mwisho kule Ebukolo alipofariki, na shangazi Respa akapiga simu akasema, basi, waliokuwa wanabishana wamekwisha, shina nililivika mimi na mimi ndiye nitamvua, aje. Tulipomwambia hawezi, akakata simu.

Tarehe 17 Januari mwaka huu wa 2025, shangazi, ambaye hakuwahi kuvuka Busia maishani mwake, alishuka hapa Bwera miguu imevimba, akiwa amegombana na maafisa wa mpakani kwa sababu ya kondoo waliyemzuia, na kwa kuwa ilikuwa siku ya soko, alikwenda Mpondwe akanunua mwingine kabla hajanywa hata chai. Alituambia tumtoe baba nje mpaka barabarani, kwenye kiti, tukafunga lango letu wenyewe, kondoo akachinjwa, mchungaji akaomba, kisha shangazi akawaita baba yao na mama yao kwa majina, akawaambia kwamba nyumba ya Nobert ni nyumba yao, akafungua lango, akamshika kaka yake mkono na kusema, "Ingia, mtoto wa mama." Baba aliinuka kwenye kile kiti, sisi tulidhani hawezi tena, akaingia kwa miguu yake, analia kwa sauti, na mama Ketura analia, na mimi pia.

Jioni ile shangazi alimwuliza kama siku yake ikifika tumpeleke Bunyore, akajibu, "Sasa kule wamenifungulia, mimi naweza lala fasi yoyote," akaomba awekwe hapa karibu na Sam. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, katika hospitali ya Bwera, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Bwera, mafundi wenzake waliolitengeneza jeneza hili na kukataa malipo, kanisa, majirani mliopika na kulala nasi, na jamaa wa Bunyore, ambao kabla ya kupanda basi mliung'oa ule msalaba wa mwaka 1979, mkasawazisha udongo na kupanda maharage. Wote, asanteni, wasingya kutsibu.

Baba, kaburi lako ni moja tu sasa, nalo ni hili. Lala kwa amani, mtoto wa Rosebela, leo ndiyo tunakuzika.