Tarsis na Mgongo wa Nyota

Baba Padre, ndugu zetu, majirani wa Mtaa wa Sikukuu, nanyi mliotoka klabuni, mimi ni Polycarp, kaka wa mjane Agnesi, familia imenituma niwasomee maisha ya shemeji yangu Tarsis, nami nitayasoma yote, hata pale ambapo asubuhi hii nimeombwa niparuke.

Marehemu alizaliwa Kibosho tarehe 12 Machi 1914, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1923 hadi darasa la nne, mwaka 1930 akaajiriwa kutunza farasi kwenye shamba la kahawa karibu na Moshi, na mwaka 1938 akateremka Dar es Salaam, akapata kazi ya usaisi katika klabu ya wapanda farasi.

Alifunga ndoa na dada yangu tarehe 4 Oktoba 1941, wakajaliwa watoto watatu, Candida, Theophil na Scholastika, na jamani, nyumba ile ilinuka farasi! Agnesi ndiye aliyefua vitambaa vya chini ya tandiko, maana marehemu hakumwamini mtu mwingine kuisuuza sabuni ikaisha, akisema ikibaki inamchoma mnyama, naye jirani yetu Bi Zamda akagombana nao miaka yote kwa manyoya yaliyoganda kwenye kamba yake ya nguo.

Kila farasi aliporudi, marehemu alitoa tandiko akatazama jasho kwanza, kwa kuwa panapobaki pakavu katikati ya jasho ndipo tandiko linapobana, halafu akapitisha kiganja taratibu pande zote mbili za uti wa mgongo, na farasi akibonyea, yaani akiushusha mgongo kwa maumivu, siku hiyo hapandwi, awe wa nani.

Hapa ndipo nilipoambiwa niruke. Siruki. Mwezi Juni 1954, siku ya mashindano, alikataa kumtandika Nyota, farasi jike ambaye yeye mwenyewe alimtunza tangu alipoletwa klabuni, kwa sababu alikuwa na uvimbe nyuma ya mabega, akaitwa mkaidi, akasimamishwa kazi mbele ya wenzake hadi alipoitwa tena Septemba, na hapa mtaani wakamcheka kwamba ameacha mshahara kwa ajili ya mgongo wa mnyama. Ndiyo, aliuacha, na ingekuwa jana angeuacha tena, anayetaka kununa anune.

Tarehe 5 mwezi huu wa Agosti 1957 alichomwa na msumari bandani, pepopunda ikamshika, mgongo wake mwenyewe ukakakamaa, akafariki hospitalini jana alfajiri. Inaniuma, wala sifichi.

Leo klabu imemleta Nyota atangulie mbele ya jeneza akiwa na tandiko linalong'aa, na kwa heshima hiyo tunashukuru kwa dhati. Lakini Agnesi alipompitishia kiganja pale mlangoni, Nyota alibonyea, dada yangu akafungua mkanda akalishusha tandiko palepale, naye Bwana Katibu wa klabu akasema bila tandiko msafara hautapendeza. Bwana Katibu, utuwie radhi, tandiko liko chumbani kwa mjane, na ufunguo anao yeye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, masaisi wenzake watakaobeba jeneza, na Bi Zamda, ambaye wiki yote Agnesi alipokuwa hospitalini akimuuguza mumewe alifua vitambaa vya farasi na kuvianika kwenye kamba yake mwenyewe.

Tunaondoka sasa. Shemeji, pumzika kwa amani, Nyota anatangulia, mgongo wazi.