Kichwa cha Machteld

Misa ilipokwisha pale Wesbeke, wazee wa benchi la kilabu cha bia walitoka kanisani kama watu waliovamiwa na nyuki. Mtawa mgeni alikuwa amewasomea maisha ya mtakatifu mpya: Machteld, msokota sufu wa mtaa wao, aliyefariki mwaka wa tauni, na ambaye maji ya kisima chake sasa yanasemekana kuponya macho. Kitabu kilidai mumewe, jitu katili, alimkata kichwa kwa shoka kwa kuwa alisali mno, na kichwa kikaimba zaburi nzima. Mume mwenyewe, Wouter fundi viatu, alifuatana nao hadi kilabuni, akaketi pembeni mwa benchi, bia ikamwagikia magotini.

— Shoka, Wouter? — alifoka Kengele, mpiga kengele wa kanisa. — Miaka kumi na miwili tunakunywa jagi moja!

— Alikufa kwa tauni, jamani. Mnajua.

— Mficha uchi hazai, — alisema Bi Katelijne, muuza bia.

— Uzazi unaingiaje hapa, mama?

— Sijui. Ila umeficha!

Kibofu, mchinja nguruwe, alijipiga paja.

— Lahaula! Kumbe ndiyo ile sauti! Mimi niliisikia. Nikadhani mbuzi.

— Zaburi ipi? — aliuliza Kengele.

— Ndefu.

— Basi mimi nilikiona kichwa chenyewe. Kilibingirika hadi mlango wa kanisa, kikabisha hodi mara tatu. Haba na haba hujaza kibaba!

— Na shetani? — Katelijne alidakia. — Alikaa juu ya paa lao, anashona viatu. Ndiyo maana viatu vya huyu havipasuki!

Wouter aliwatazama mmoja mmoja. Uongo wa mtawa angeuvumilia; mtawa hakumjua Machteld. Lakini hawa walikula mkate wake. Na macho yao hayakuwa na mzaha. Walikuwa wanakumbuka kweli.

— Hata wewe, Kengele? — aliuliza polepole.

Kengele alisogea mbali naye kwenye benchi.

Hapo akafika mwanamke wa ugenini, vumbi hadi kiunoni, jicho moja limefungwa kitambaa.

— Samahanini, wazee wangu. Nimetembea siku tisa kuja kumwomba Machteld. Kaburi lake liko wapi?

Kibofu alimtazama Kengele. Kengele alimtazama Katelijne. Katelijne akachungulia ndani ya jagi. Mwaka ule wa tauni kila mmoja wao alikomea mlango wake, akaziba na dirisha.

— Kengele, si wewe wa kanisani? — alinong'ona Kibofu.

Kengele aliinamia viatu vyake.

Wouter aliinuka, akafuta magoti.

— Twende, dada. Ni nyuma ya shamba la kitani, penye jiwe jeupe.

Mwanamke alisita. Alikuwa amesimama kanisani, ameyasikia yote.

— Wewe umepajuaje, baba?

— Nilichimba mwenyewe, — alisema Wouter. — Siku mbili. Hakuna aliyekuja.