Bi Bilkis, Git na Urojo wa Chukwani

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 2026, Bi Bilkis Hasnain anazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho baada ya miaka thelathini na mitatu katika ofisi yetu ya uchapaji hapa Kiponda. Alikuja mwaka 1993 kama mpiga taipu. Anaondoka akiwa msimamizi wa maandishi yote, ya karatasi na ya tovuti, na mtu pekee anayethubutu kumwambia mteja kwamba shairi la kadi yake ya harusi halina vina.

Walioajiriwa karibuni hawajui kwamba zamani mafaili yetu yaliishi kwa viapo. Palikuwa na "Kadi-mwisho", "Kadi-mwisho-kabisa" na "Kadi-mwisho-wallahi". Siku moja tukachapa isiyo ya mwisho, na bibi harusi wa Ng'ambo akapokea kadi zinazomwoza kwa mchumba wa mtu mwingine. Wakwe walicheka. Bwana harusi hakucheka.

Ndipo tajiri wetu, mwenye ofisi, Bwana Abizer, alipomleta Haitham, mtaalamu wa kompyuta, atufundishe Git: programu inayotunza kila badiliko la faili na jina la aliyelifanya, ili ukikosea uweze kurudi nyuma.

Haitham hakutuhutubia, alitupa mazoezi. Tuandike pishi la urojo, ule mchuzi wetu mzito wa unga na ukali, tulihifadhi kwa amri ya git commit, kila mtu afungue tawi lake, yaani nakala yake ya kando, alibadilishe, kisha tuyaunganishe matawi. Bi Bilkis, kwa malezi yake, alianza amri ya kwanza kwa neno "tafadhali". Kompyuta ikajibu kwamba hailijui.

"Haikufunzwa kwao," akasema, akaendelea.

Siku ya kuunganisha, yeye aliandika embe mbichi, na mimi, katika mstari uleule, nikaandika ndimu. Git ikagoma. Ikatuwekea maneno yote mawili na kutuachia tuchague wenyewe.

"Alhamdulillah, ina akili," akasema Bi Bilkis. "Haiingilii ugomvi wa jikoni."

Kesho yake tulileta masufuria mawili kazini. Embe ilishinda, na nakubali hivyo kwa sababu leo ni siku yake.

Zoezi alilolipenda kupita yote lilikuwa kuharibu makusudi na kutengua kwa git revert. Alilifanya kila asubuhi kabla ya chai. Kilichompendeza ni kwamba amri hiyo haifuti kosa: kosa hubaki kwenye kumbukumbu, na marekebisho huandikwa baada yake. "Kumbe hii ni toba," alituambia, "si kuficha."

Kisha ikaja Jumatatu ya Chukwani. Mteja wetu mkubwa, Bi Ulfat, ana nyumba ya wageni huko, na wiki hiyo alikuwa akiamua kama ataendelea nasi. Bi Bilkis alikusudia kutuma zoezi lake la urojo kwenye hifadhi yetu ya mazoezi. Akalituma, kwa amri ya git push, ndani ya tovuti ya Bi Ulfat tunayomtunzia. Simu ikalia.

"Bilkis! Masharti yangu ya wageni yamekwenda wapi? Ukurasa unawaambia wakoroge unga mpaka usiwe na madonge! Mzungu mmoja yuko jikoni kwangu, anaomba mwiko!"

Haitham alikuwa Pemba, simu haipatikani. Mimi nilipiga kelele. Bwana Abizer alipendekeza tuzime umeme. Bi Bilkis alipauka. Alijua fika mteja anaondoka kwa mkono wake. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Nipisheni. Nshaharibu, na nnajua kutengua."

Akalitafuta lile badiliko lake katika orodha ya mabadiliko, akaandika git revert, akatuma. Tukasubiri. Bi Ulfat akasema masharti yamerudi. Bi Bilkis akalia kidogo, akacheka sana, akaomba maji.

Alasiri Bi Ulfat akapiga tena. Wageni wameshapika, wameshakula, na wanauliza pishi limekwenda wapi. Anataka lirudi, ila lipate ukurasa wake. Safari hii Bi Bilkis alifungua tawi kwa utulivu, akamwita Bwana Abizer alikague, ndipo akatuma. Ukurasa upo mpaka leo, na Bi Ulfat bado ni mteja wetu.

Sasa Bi Bilkis anahamia kwa dada yake Makunduchi, kufuga kuku na kulala baada ya adhuhuri. Ametuonya tusimpigie simu wakati huo hata ofisi ikiwaka moto.

Ahsante, Bi Bilkis, kwa kutufundisha kukosea hadharani bila kukimbia. Mungu akupe afya, raha na kuku watagao. Pumzika mpaka uchoke kupumzika.

Shadya, kwa niaba ya wenzako wote